JENGO LILE LILIKUWA SINEMA



Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa ushirika wetu alinisubiri mlangoni. Ni mama anayeuza omena Kibuye, mwombaji, hakosi kesha. Akaniambia, "Pasta, kijana wangu amekataa kuja. Anasema hapa alikuwa anacheza disko na kunywa pombe, sasa atapigaje magoti mahali alipoanguka?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na sisi Pasta, tutapata lini kanisa la kweli?"

Nilimwombea, lakini sikumjibu. Unajua hali yetu. Tunaabudu katika ukumbi wa kupanga. Ukuta mmoja bado una alama za vibandiko vya matangazo ya zamani, na mvua ikinyesha tunasogeza viti. Nilirudi nyumbani na maswali yale mawili. Nimeyabeba wiki nzima, na leo nataka tuyajibu pamoja, kwa Neno na kwa historia. Kaa chini, chukua chai yako, usome mpaka mwisho.

ANDIKO: Matendo ya Mitume 19:8-10. Fungua Biblia yako uisome mwenyewe.

Tuanzie hapa hapa kwetu. Reli ilifika kwenye ufuko wa Nam Lolwe mwezi Desemba 1901, na mahali pale wakapaita Port Florence. Wakati huo upande huu wote ulihesabiwa kuwa Uganda. Ni mwaka 1902 tu ndipo mpaka ulisogezwa, Kisumu ikawa upande wa Kenya. Kwa hiyo ukisikia nazungumza habari za Kampala leo, usiseme pasta amekwenda mbali. Sisi na Kampala tumekunywa ziwa moja. Meli zilitoka gati ya Kisumu kwenda Port Bell zikiwa zimebeba pamba, barua na watu. Ile Victoria, ambayo wazee wetu wanaikumbuka ikiwa nyeupe juu ya maji, iliungwa hapa Kisumu na ikaanza kazi mwaka 1961.

Pamoja na reli walikuja mafundi na wafanyabiashara kutoka Bara Hindi. Walijenga maduka, misikiti, mahekalu, shule, na pia majumba ya sinema. Muulize mzee yeyote aliyekulia Kisumu, atakutajia Nyanza Cinema na Tivoli. Atakuambia filamu za Kihindi zilivyojaza watu ambao hawakujua hata neno moja la Kihindi. Raj Kapoor alijulikana Afrika Mashariki kama jirani. Filamu ya Mother India ya mwaka 1957 iliwaliza mama zetu, kwa sababu shida ya mama mwenye watoto na deni haihitaji mkalimani.

Lakini usidhani mlango wa sinema ulikuwa wazi kwa kila mtu. Katika Kenya ya ukoloni, wakaguzi wa filamu walikuwa na kipimo kimoja kwa Mzungu na kingine kwa Mwafrika. Filamu ambayo wengine waliruhusiwa kuitazama iliweza kupigwa marufuku kwa Mwafrika, eti isije ikamharibu akili au ikamfundisha kutomheshimu bwana wake. Kwa hiyo sinema ilikuwa mahali pa raha, ndiyo, lakini pia ilikuwa mahali ambapo mtu alipimwa kwa rangi ya ngozi yake kabla ya taa kuzimwa. Weka jambo hilo moyoni, tutalirudia.

Sasa tuvuke ziwa.

Kampala, kando ya Barabara ya Bombo, palikuwa na sinema maarufu sana iliyoitwa Norman. Ilichukua jina la Norman Godinho, mfanyabiashara Mgoa aliyeacha alama nyingi katika mji ule. Hata shule ilipewa jina lake. Katika enzi zake, Norman ilikuwa mahali pa kuvalia nguo nzuri. Kampala ilikuwa na Odeon, ilikuwa na Delite, ilikuwa na Neeta, na watu walichagua wapi pa kwenda kulingana na picha iliyokuwa ikionyeshwa usiku ule.

Kisha giza likaja, na halikuwa giza la kuanzia filamu. Mwezi Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Maelfu kwa maelfu ya watu waliofungua maduka, kliniki na majumba ya sinema waliondoka na masanduku machache. Wengine walikuwa wamezaliwa pale pale. Mji ukabaki na majengo, lakini waliojua kuyatunza hawakuwepo tena. Mwaka 1977, mwezi Februari, Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku makanisa mengi madogo, yakiwemo ya Kipentekoste. Ndugu zetu waliabudu kwa siri, nyumbani na vichakani, wakiimba kwa kunong'ona. Fikiria, mpendwa, Mpentekoste anayeimba kwa kunong'ona!

Amin aliondolewa mwezi Aprili 1979, lakini amani haikuja mara moja. Mwaka 1981 vita vingine vikaanza msituni. Ni katikati ya hali hiyo ndipo familia moja ya wamishonari, Gary na Marilyn Skinner, walifika Kampala wakitumwa na Pentecostal Assemblies of Canada. Jina hilo si geni kwetu. Ukipanda matatu ya kwenda Kapsabet kutoka Kisumu unapita Nyang'ori. Otto Keller na mkewe Marian walichukua misheni ya Nyang'ori mwaka 1924, na kazi yao ikaungana na Wapentekoste hao hao wa Kanada. Kwa hiyo moto ule uliowaka Kampala ni wa ukoo mmoja na moto uliowaka juu ya kilima chetu.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 1984, kanisa lile la Kampala lilifanya ibada yake ya kwanza katika ukumbi wa hoteli. Hawakufika hata watu 100. Waliitwa Kampala Pentecostal Church. Hawakuwa na kiwanja wala mnara wa kengele, na mji wenyewe ulikuwa umechoka, risasi zikisikika usiku. Baadaye wakahamia Norman Cinema. Pale palipoonyeshwa picha za mapenzi na za bunduki, msalaba ukahubiriwa.

Na Mungu akazidisha. Kutoka kundi lile dogo likatoka kanisa la maelfu, lililogawanyika katika vikundi vya nyumbani ili mtu asipotee kwenye umati. Miaka ya 1990 ukimwi na vita viliacha yatima kila mahali. Mwaka 1994 kanisa hilo likaanza kazi ya kuwalea watoto katika vijiji, si katika mabweni: kila nyumba na mama wake, na watoto wachache wanaokua kama ndugu. Kazi hiyo ikakua hata kanisa lenyewe likachukua jina lake. Leo unalijua kwa jina la Watoto Church. Pengine umewahi kusikia kwaya ya watoto wao.

Sikia hilo vizuri. Jengo lilikuwa na jina la tajiri mmoja. Kanisa lililoingia ndani yake likaishia kubeba jina la watoto wasio na baba.

Haleluya!

Sasa pengine unajiuliza, kwa nini sinema? Kwa nini isiwe ghala au gereji? Nimekaa nikatafakari, na sababu ziko wazi kabisa. Sinema hujengwa ili watu wengi waone mahali pamoja, kwa hiyo haina nguzo katikati. Sakafu yake inateremka kidogo kuelekea mbele, hata mtu mfupi aliyekaa nyuma anaona. Kuta zake zimetengenezwa kushika sauti. Milango yake ni mipana, kwa sababu sheria inataka watu watoke haraka moto ukitokea. Kile chumba kidogo cha juu cha mashine ya picha kinafaa kabisa kwa vijana wetu wa mitambo. Tena sinema hujengwa katikati ya mji, karibu na stendi ya magari, mahali ambapo mtu asiye na gari anafika kwa miguu. Na Jumapili asubuhi, saa ambayo kanisa linahitaji nafasi, sinema imelala.

Halafu sinema zenyewe zikaanza kuumwa. Miaka ya 1980 kanda za video zikaingia. Mtu aliweza kutazama picha nyumbani kwa jirani mwenye deki, au kwenye kibanda cha mabati kwa shilingi chache. Miaka ya 1990 hali ya uchumi ikabana, kiingilio kikawa mzigo, na majumba makubwa yakabaki na viti vitupu. Ndiyo maana ukienda Nairobi, Kampala na miji mingine utakuta sinema za zamani zimekuwa maduka, maghala, kumbi za sanaa, na nyingi zimekuwa makanisa. Si Afrika tu. New York kuna ukumbi uliofunguliwa mwaka 1930 kama sinema ya kampuni ya Warner Bros., ukaja kuitwa Mark Hellinger. Mwaka 1989 mchungaji David Wilkerson na kanisa la Times Square waliingia humo, katikati ya mtaa uliojulikana kwa dawa za kulevya na biashara ya miili. Bado wanaabudu humo.

Na wala jambo hili halikuanza na sinema. Kule Roma kuna Pantheon, hekalu kubwa lililojengwa kwa ajili ya miungu. Mwaka 609 lilifanywa kanisa, na limesimama mpaka leo.

Turudi kwenye andiko. Paulo alipofika Efeso alianza katika sinagogi. Walipomkataa, hakungoja mpaka apate kiwanja na hati. Aliwachukua wanafunzi akaenda kufundisha katika darasa la mtu aliyeitwa Tirano. Halikuwa jengo la dini. Ulikuwa ukumbi wa masomo, na pengine asubuhi ulitumika kwa elimu ya kidunia. Baadhi ya nakala za kale za kitabu hiki zinaongeza jambo zuri: Paulo alifundisha humo kuanzia saa tano hadi saa kumi. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunalielewa bila shida, kwa sababu nao walihesabu kuanzia jua linapochomoza. Saa tano hadi saa kumi ni kile kipindi cha jua kali, watu wamefunga kazi, wanapumzika kivulini. Ukumbi ulikuwa mtupu! Paulo akachukua saa ambazo hakuna aliyezitaka, katika chumba kisichokuwa chake, kwa miaka miwili. Luka anasema kwamba mkoa wote wa Asia ulilisikia neno la Bwana.

Na katika mji huo huo kulikuwa na ukumbi mwingine, mkubwa kuliko wote, ukumbi wa michezo uliochukua watu zaidi ya 20,000. Soma mbele katika sura hiyo hiyo ya 19. Watu walijaa humo wakapiga kelele kwa saa mbili, na wengi wao hawakujua hata kwa nini wamekuja. Mji mmoja, kumbi mbili. Mmoja ulijaa kelele, mwingine ulijaa Neno. Ni upi uliobadilisha dunia?

Hapa ndipo namjibu mama yangu wa Kibuye. Mama, kanisa la kweli unalo tayari. Ni wewe na wale wanaokesha nawe. Sulemani alipomaliza hekalu zuri kuliko yote, alikiri mwenyewe kwamba mbingu hazimtoshi Mungu, sembuse nyumba ile (1 Wafalme 8:27). Tutajenga Mungu akipenda, na uendelee kutoa kwa ajili ya kiwanja. Lakini usingoje ukuta ndipo uitwe kanisa.

Mpendwa, nisikufundishe nusu. Kuna watu watakuambia jengo halina maana yoyote. Si kweli. Soma Hesabu 16. Vyetezo vya watu wa Kora, walioasi wakafa, Mungu aliagiza vifuliwe viwe mabamba ya kufunika madhabahu. Havikutupwa. Vilipigwa nyundo vikabadilishwa umbo, vikawa ukumbusho. Na dhahabu ya Misri? Waisraeli walitoka nayo. Kwa dhahabu hiyo walitengeneza ndama, na kwa dhahabu hiyo hiyo walitengeneza vyombo vya hema ya Bwana. Dhahabu haikuwa na kosa. Swali lilikuwa, iko mkononi mwa nani, na moyo wake unaelekea wapi.

Kwa hiyo nina onyo, na ninaanza na mimi mwenyewe.

Sinema inaweza kugeuka kanisa. Lakini kanisa nalo linaweza kugeuka sinema, bila mtu kubadilisha bango la mlangoni.

Katika sinema, watu hukaa gizani wakatazama mbele. Hakuna anayejua jina la aliyekaa karibu naye. Kuna nyota mmoja anayeng'aa, na wengine wote ni watazamaji. Unalipa, unafurahishwa, unalia kidogo, taa zinawashwa, unarudi nyumbani ukiwa yule yule. Walio na pesa hukaa viti vizuri. Na kama picha si nzuri, wiki ijayo unakwenda ukumbi mwingine.

Je, si ibada zetu nyingine hizo? Pasta ndiye nyota. Taa za rangi. Viti vya mbele vya waheshimiwa. Sadaka imekuwa kiingilio. Mshirika amekosekana miezi mitatu na hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyewahi kujua jina lake. Wakoloni waliwatenga watu mlangoni kwa rangi. Sisi tusiwatenge kwa viatu. Soma Yakobo 2 uone kama nimezua. Ile sinema ya Kampala haikuwa kanisa siku walipoondoa mashine ya picha. Ilikuwa kanisa pale walioketi humo walipotoka wakaenda kumlea mtoto wa marehemu.

Jambo jingine. Miaka ya karibuni Kampala kumekuwa na mabishano juu ya jengo lile la Norman. Kanisa lilitaka kujenga jipya na kubwa zaidi mahali pale. Wapenda urithi wa mji wakasema lisibomolewe, kwa sababu ni sehemu ya historia ya Kampala. Mimi si hakimu wao. Lakini mabishano yale yamenifundisha kitu. Tunaporithi nyumba, tunarithi pia kumbukumbu za waliokuwemo. Kuna mzee mahali fulani, pengine Leicester au Toronto, ambaye alimchumbia mkewe katika viti vile, na aliondoka mwaka 1972 akilia. Kanisa likisimama mahali alipopoteza mwenzake, lisipige vigelegele tu. Linapaswa pia kumwombea aliyepoteza. Kumbukumbu la Torati 6 inawaonya Waisraeli wanaoingia katika nyumba ambazo hawakuzijaza wao na visima ambavyo hawakuvichimba: wasimsahau Bwana. Na mimi naongeza, mtu akiwa na Bwana moyoni hamsahau aliyechimba kisima.

Nimalize na yule kijana.

Kijana wangu, kama mama yako atakuonyesha ujumbe huu, sikia. Umesema huwezi kupiga magoti mahali ulipoanguka. Mimi nakuuliza, utapiga magoti wapi basi? Nionyeshe mahali katika Kisumu hii ambapo hakuna aliyeanguka. Petro alimkana Bwana kando ya moto wa makaa. Na Bwana alipomrejesha, alimwita kwenye moto wa makaa tena, ufukweni, samaki wakichomwa (Yohana 18:18 na 21:9). Bwana hakumpeleka mahali safi asipopajua. Alimrudisha kwenye moshi ule ule, na pale palipokuwa na aibu pakawa mahali pa kuitwa upya. Sisi watu wa ziwa tunaijua harufu hiyo ya samaki na makaa. Petro naye aliijua.

Ile kona unayoikumbuka, ambapo ulikuwa unakaa na chupa, sasa wanakaa watoto wa Jumapili. Nilipima mwenyewe: ukisimama pale unaiona madhabahu vizuri. Jumapili hii nitakuwekea kiti pale pale. Huna haja ya kuvaa suti. Ukichelewa, ingia tu. Nimewaambia wahudumu wa mlangoni wasikuulize ulikuwa wapi.

TUOMBE: Baba, asante kwa sababu hukungoja tuwe na jengo ndipo uje kwetu. Tusamehe tulipofanya ibada kuwa maonyesho. Wakumbuke waliofukuzwa nyumbani kwao, popote walipo. Wakumbuke wenye kumbi ambamo watoto wetu wanapotea leo, uwaokoe na wao. Mrudishe kijana huyu, na kila kijana anayedhani mahali alipoangukia pana nguvu kuliko damu ya Yesu. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Ibada ni saa mbili na saa nne asubuhi, ukumbi ule ule. Mvua ikinyesha, njoo na mwavuli, tutasogeza viti pamoja.